Kabla upepo haujakata umeme, familia ipange haya

Saa mbili usiku, mvua ya masika inapiga bati na upepo unavuma. Umeme unakatika mtaa mzima. Mama anamulika kwa simu iliyobakiwa na chaji kidogo, mtoto wa miezi saba analia, na baba anakumbuka kuwa mishumaa iliisha zamani. Jiko la mkaa lililokuwa barazani linaingizwa ndani ili lisilowe. Madirisha yote yamefungwa. Hapo ndipo hatari kubwa ya usiku huo inapoanza.

Familia nyingi zimezoea umeme kukatika kwa saa moja au mbili. Umeme unaokatwa na upepo mkali ni jambo jingine. Nguzo huanguka, miti hulalia nyaya, barabara hujaa maji na mafundi huchelewa kufika. Mei 4, 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania, barabara ya kwenda mikoa ya kusini ilikatika eneo la Somanga wilayani Kilwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilikuwa imeshatoa tahadhari siku chache kabla. Siku hizo chache ndizo za maandalizi.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, hivyo aliyelala hawezi kuitambua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito usio wa kawaida. Watoto wadogo na wajawazito huathirika haraka zaidi. Jenereta nayo hutoa hewa hiyohiyo, kwa hiyo ikae nje, mbali na milango na madirisha.

Ikiwa watu wawili au watatu ndani ya nyumba wanalalamika kichwa kwa wakati mmoja na jiko linawaka, wote watoke nje mara moja, kisha wawahishwe kituo cha afya hata kama wanaonekana kupata nafuu.

Kwa mwanga, tochi au taa ya sola ni salama kuliko mshumaa. Palipo na mshumaa tu, ukae kwenye sahani pana, mbali na pazia na chandarua, na uzimwe kabla ya watu kulala.

Dawa na maziwa ya mtoto

Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, kukatika kwa umeme si lazima kumaanishe dawa kuharibika. Aina nyingi zikishafunguliwa hukaa nje ya friji kwa takribani wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Kwenye joto la pwani, chupa ya dawa inaweza kutiwa kwenye mfuko usiopitisha maji na kuwekwa ndani ya chungu cha udongo chenye maji kidogo, kivulini penye upepo. Isiwekwe juu ya barafu, kwa sababu insulini iliyoganda haifai tena. Muda kamili wa kila aina aulizwe mfamasia mapema.

Mtoto mwenye pumu anayetumia mashine ya umeme kuvutia dawa anahitaji mpango wa pili. Mzazi azungumze na daktari kuhusu dawa ya kupuliza isiyotegemea umeme.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa nje ya friji kwa saa nne ikiwa chumba si cha joto kali. Mchana wa joto, ni vyema yatumike mapema zaidi. Mama aliye karibu na mtoto amnyonyeshe moja kwa moja. Titi halihitaji friji.

Chakula na maji

Friji isiyofunguliwafunguliwa hutunza ubaridi kwa saa nne hivi. Friza iliyojaa inaweza kufika siku mbili, iliyojaa nusu siku moja. Baada ya hapo nyama, samaki, maziwa na wali uliolala visipewe watoto kwa kuwa tu havijaanza kunuka. Vijidudu huzaliana kabla ya harufu kubadilika.

Nyumba inayotegemea pampu hukosa maji umeme ukikatika. Ndoo na madumu yajazwe mapema, kwa hesabu ya lita 4 kwa kila mtu kwa siku za kunywa na kupikia. Mafuriko huchafua visima, hivyo maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Siku tahadhari inapotangazwa

Simu zichajiwe, pamoja na betri ya akiba. Umeme wa Luku ununuliwe, na fedha taslimu kidogo zibaki nyumbani, kwani mtandao ukianguka hata kulipa kwa simu hushindikana. Dawa za wiki moja, kadi ya kliniki na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi vikae kwenye mfuko mmoja. Namba ya Zimamoto ni 114.

Umeme ukikatika, televisheni, friji na pasi vichomolewe, kwa sababu umeme unaweza kurudi kwa nguvu na kuviunguza. Waya ulioanguka usiguswe wala kukaribiwa, hasa palipo na maji. Watoto waambiwe hivyo kabla hawajatoka kucheza asubuhi.

Tochi nayo iwe na mahali pake, pasipobadilika. Mtoto wa miaka saba anaweza kukabidhiwa kazi ya kuitunza na kuijaribu kila Jumamosi. Giza likiingia ghafla, yeye ndiye atakayejua ilipo.