Robo ya Nusu

Huko Mpemba, si kwa mtu wa Pemba bali mji wa mkoani Songwe, karibu na mpaka wa Tunduma, biashara ya nyumba za wageni ni bayana: mgeni hulipa, hukabidhiwa ufunguo, hulala. Akighairi, huzungumza na mwenyeji wake uso kwa uso. Mwenye nyumba aliyejiunga na Airbnb hana uso wa kuutazama.

Machi 2020, korona ilipoenea, kampuni hiyo ya San Francisco iliwaruhusu wageni kughairi na kurudishiwa fedha zote. Kuwahurumia wageni ilikuwa haki. Dhuluma ni huruma kutolewa mfukoni mwa mwingine. Masharti ya kughairi, waliyoyachagua wenye nyumba wenyewe, yaliwekwa kando pasi na wao kuulizwa. Tarehe 30 Machi mkuu wa kampuni, Brian Chesky, aliomba radhi kwa kutoshauriana nao kama washirika, akatangaza fungu la dola milioni 250.

Tamko kubwa, hesabu ndogo. Fidia ilikuwa asilimia 25, si ya kodi, bali ya kile ambacho masharti yangempa mwenye nyumba. Aliyestahiki nusu ya shilingi 100,000 hakupata 25,000, alipata 12,500. Robo ya nusu!

Ushirika gani huu, faida hugawanwa na wawili, hasara ikamlemea asiyeulizwa? Mshairi akiharibu vina hukosolewa hadharani. Anayeificha hesabu ndani ya maneno matamu naye asisazwe.