Usimlaumu Mchoraji

Hata leo wapo wasemao kwamba Hans Holbein, yule mchoraji wa Kijerumani, alimdanganya mfalme wa Uingereza. Mimi nakataa.

Holbein alizaliwa Augsburg yapata mwaka 1497, naye babake alikuwa mchoraji vilevile. Alifanya kazi Basel, kisha London, akichora nyuso za wakubwa hadi akawa mchoraji wa Mfalme Henry wa Nane. Sisi tuliosomea chuoni hatukulelewa na picha za watu ukutani, lakini mkono wa bwana huyu nauvulia kofia.

Mwaka 1538 Henry, aliyefiwa na mkewe Jane Seymour, alikuwa akitafuta mke mwingine. Holbein akatumwa Brussels amchore Christina wa Denmark, msichana wa miaka 16. Alipewa saa tatu tu, akarudi na mchoro uliomfurahisha mfalme. (Bibi huyo hakuolewa naye, na heri yake!) Mwaka uliofuata akatumwa Düren kumchora Anne wa Cleves. Mfalme akaiona picha, akaridhia. Anne alipowasili, Henry akasema hampendi. Walioana Januari 1540. Julai ndoa ikavunjwa. Thomas Cromwell, waziri aliyeipanga posa ile, akakatwa kichwa mwezi uo huo, ingawa alishtakiwa kwa mengine.

Sasa nauliza: kama Holbein ndiye mwongo, mbona shingo yake haikuguswa? Tena Nicholas Wotton, mjumbe wa mfalme aliyekuwa huko huko Cleves, aliandika kwamba Holbein amewachora Anne na mdogo wake kwa kufanana nao hasa. Henry alikuwa ameoa sifa alizosikia. Aliyeshuka chomboni alikuwa mtu.

Haya nayasema kwa kuwa yamenifika. Bwana mmoja, jina nalihifadhi, aliniagiza shairi la kumsifu mchumba wake. Nikatunga beti kumi na mbili, zikaimbwa harusini. Walipoachana alinijia barazani akidai fedha zake, eti nilimpamba mno mwanamke. Nikamwambia, "Bwana, wewe ulimwona kabla yangu."

Na Holbein alijua kuchora bila ya kupamba. Itazameni ile picha ya mkewe Elsbeth na watoto wawili, iliyoko Basel. Aliichora baada ya kuwaacha karibu miaka miwili. Macho ya bibi yamechoka, mabega yameshuka. Hapo hapana mfalme wa kuridhishwa. Mwaka 1532 akaondoka tena kwenda London, na huko ndiko alikofia mwaka 1543.