Kiharusi ni Ugonjwa wa Ubongo: Lugha Nayo Iseme Hivyo

Wahenga walinena kwamba mwiba hutokea ulipoingilia. Kiharusi huikaidi methali hii, kwani mkono au mguu hulegea ilhali kidonda kimo kichwani. Ndiyo maana neno kupooza, ambalo wasemaji wengi hulitumia badala ya kiharusi, linastahili kutazamwa upya na wapenzi wa Kiswahili. Neno hilo hutaja kiungo kilicholegea bila kutaja kilichokilegeza. Aila ikiambiwa kwamba baba amepooza, huanza kuukanda mkono kwa mafuta na maji moto, na saa zikayoyoma.

Saa hizo ni uhai. Aghalabu kiharusi hutokea bonge la damu linapoziba ateri inayolisha ubongo. Gamba la ubongo, yaani tabaka la juu lenye seli za neva zinazoongoza mwendo, hisi na usemi, hukosa oksijeni na glukosi. Seli hizi hazina akiba ya kutajika. Nishati ikiisha, pampu zilizo katika utando wa seli husimama, sodiamu na maji huingia, na seli huvimba. Aidha, seli hizo humwaga kemikali iitwayo glutameti, ambayo kwa kawaida hupitisha ujumbe. Ikizidi hugeuka sumu, kwa kuwa huifungulia kalsiamu mlango wa kuingia katika seli jirani na kuziangamiza. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver alikadiria kwamba katika kiharusi kikubwa cha namna hii, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hupotea kila dakika.

Hata hivyo, kandokando ya kitovu cha kidonda husalia seli zilizonyamaza lakini zingali hai. Damu ikirejea mapema, huweza kuirudia kazi yake. Dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, baada ya picha ya ubongo kuthibitisha kwamba hakuna mshipa uliopasuka na kuvuja damu.

Suala hili linamgusa mwanaisimu moja kwa moja. Mwaka 1861, jijini Paris, Paul Broca alionyesha kwamba mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, tan, alikuwa na kidonda katika sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Kiharusi kikiipiga sehemu hiyo, mgonjwa hupotewa na maneno, ingawa fikira zake huenda zi timamu. Asiyejua hudhani amerukwa na akili.

Yamkini atatokea wa kudai kwamba kinachohitajika ni hospitali, si msamiati. Hoja hii ina uzito, kwani mashine za kupiga picha ya ubongo hazipatikani kila mahali. Lakini hospitali haimtibu asiyefikishwa. Kukanda na mazoezi nako kuna wakati wake: seli zilizosalimika huchipuza matawi mapya na kujifunza kazi za zile zilizokufa, ila baada ya matibabu, si badala yake.

Hivyo basi, wanafunzi wa Kiswahili, wawe redioni, darasani au nyumbani, hawana budi kuieneza kauli iliyo wazi: mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikorogeka ghafla, ubongo unakosa damu, mgonjwa apelekwe hospitalini sasa hivi.