Moto Hauui Kila Kitu

Desemba iliyopita nilikuwa narudi nyumbani Mbamba Bay kula Krismasi. Nikapita Mbinga mjini asubuhi, nikanunua kilo tatu za kitimoto, nikazifunga vizuri na kuzitia kwenye begi. Mbinga kuna ubaridi, sikuwa na wasiwasi. Basi likachelewa kuondoka, halafu tukateremka milima ya Umatengo hadi kwenye joto la ziwani. Nafika jioni, nyama inateleza na imeanza kunuka.

Mama akaiosha kwa ndimu. "Moto unaua kila kitu, mwanangu." Mimi, mwaka wa tatu ualimu, somo langu biolojia, nikanyamaza. Nyama ni pesa, na niliyeileta ni mimi. Usiku ule mdogo wangu alitapika mpaka alfajiri. Alipona, lakini ule ukimya wangu unaniuma mpaka leo.

Ndugu zangu, kutunza nyama sio "mambo ya jikoni" tu. Ni elimu, na sisi walimu watarajiwa tunaijibu vizuri kwenye mtihani kisha tunaiacha mlangoni kwetu.

Wala haina ugumu. Bakteria huongezeka haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60. Kwa hiyo nyama mbichi isikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili. Joto likizidi nyuzi 32, isizidi saa moja. Baadhi ya bakteria huacha sumu ambayo hata ukichemsha haitoki. Ndimu inaondoa harufu, haifufui nyama iliyoharibika.

Mwenye friji aiweke nyuzi 4 au chini yake. Nyama iwe kwenye chombo chenye mfuniko, rafu ya chini, damu isidondokee mboga. Vipande vipikwe ndani ya siku tatu hadi tano, ya kusaga ndani ya siku mbili. Ya kukaa zaidi igandishwe, nyuzi 18 chini ya sifuri, ikiwa imegawanywa kwa mlo mmoja mmoja. Kuyeyusha ni ndani ya friji, sio juani.

Mtaniambia nyumba nyingi za kwetu hazina friji. Kweli kabisa, hata yetu haina. Basi tununue ya kupika leo, nyama iliyokaguliwa. Tukiona vijipunje vyeupe kama mchele, tuiache: hao ni lava wa tegu. Tuipike siku hiyohiyo mpaka iive hadi ndani. Na kwenye safari ndefu tusibebe nyama mbichi. Lami imefupisha njia ya kwenda ziwani, haijapunguza joto la kule. Isitoshe, ziwani samaki wapo.

Krismasi ijayo nikiona nyama ya namna ile sitanyamaza. Nitasema kwa adabu, "Mama, samahani, hii tuifukie." Hasara ya kilo tatu nitaibeba mimi.