Kidonge cha mama mkwe

Anarudi kutoka kliniki na kadi mkononi: mimba ya miezi sita, presha 150/100. Ameandikiwa dawa, lakini duka la jirani limeishiwa, akaambiwa apite kesho. Mama mkwe anamwonea huruma. Anafungua pochi yake na kutoa kidonge cha enalapril. "Meza hiki, mwanangu. Mimi ndicho kinachoniweka mjini."

Huruma ni ya kweli, na dawa nayo ni ya kweli. Enalapril na ndugu zake, captopril na lisinopril, hulegeza mishipa ya damu. Presha hushuka, na moyo uliochoka hupata nafuu ya kusukuma damu. Kwa mama mkwe mwenye presha na moyo ulioanza kushindwa kazi, daktari hakukosea.

Lakini kwa mjamzito, dawa hiyo hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Kuanzia katikati ya mimba, sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka mtoto tumboni ni mkojo wake mwenyewe. Dawa ikidhoofisha figo zake, maji hupungua, mapafu hayakui inavyotakiwa, mikono na miguu hubanwa, na anaweza kufia tumboni. Losartan, ambayo wengi hubadilishiwa enalapril inapowaletea kikohozi kikavu, ina katazo hilohilo.

Kidonge kimoja kilichomezwa jana si cha kulilia usiku kucha. Ni cha kurudi nacho kliniki leo, pakiti mkononi, na kumweleza nesi ukweli wote, hata kama mama mkwe atanuna.

Anayetumia dawa hizi mwenyewe kisha akagundua ana mimba asizitupe na kukaa kimya. Presha isiyotibiwa huleta kiharusi na kifafa cha mimba. Aende siku hiyohiyo abadilishiwe. Zipo methyldopa, nifedipine na labetalol, ambazo wajawazito hupewa. Anayepanga kuzaa aseme mapema, kabla hajashika mimba. Daktari hawezi kubahatisha mipango ya chumbani.

Na yule aliyeambiwa apite kesho? Presha ikifika 160/110, au kichwa kikimuuma sana, macho yakiona maruweruwe, au akipata maumivu makali chini ya mbavu, asingoje kesho. Ni hospitali usiku huohuo, na mama mkwe amsindikize.