Wati 2,000 za boksi na masikio ya kiti cha nyuma

Jumamosi kaka yangu alirudi kutoka Kariakoo amekumbatia boksi utadhani kabeba mtoto mchanga. Amplifaya ya gari. Juu yake, kwa maandishi ya dhahabu: wati 2,000. "Dada, hii ndiyo yenyewe!" Wifi yangu akauliza bei, halafu akauliza kuhusu watoto wanaokaa nyuma.

Mimi naandika habari za afya, si za umeme, lakini niliomba kijitabu cha ndani. Zile 2,000 ni wati za "MAX", kilele ambacho mashine inadaiwa kukigusa kwa kufumba na kufumbua. Mzazi mwenzangu, namba ya kuuliza dukani ni ya RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo muziki ukiwa unapigwa. Kwenye kijitabu, kwa herufi za kutafutia miwani, iliandikwa wati 60 mara nne, kwa spika za omu 4. Jumla 240. (Muuzaji akikutajia namba ya omu 2 na spika zako ni za omu 4, ujue utapata pungufu.)

Kijitabu kikikosekana, angalia fyuzi ubavuni mwa amplifaya. Ya kaka ilikuwa moja, ya ampea 30. Gari likiwa linawaka, umeme wake ni kama volti 14. Zidisha, unapata wati 420 zinazoingia. Amplifaya za aina ya AB hupoteza karibu nusu ya hizo kwa joto, ndiyo maana huwa za moto ukizigusa. Za aina ya D hupoteza pungufu ya hapo, lakini hakuna inayotoa kuliko inachoingiza. Sasa hizo 2,000 zitoke wapi?

Kaka akataka kurudisha, achukue kubwa zaidi. Hapo ndipo nilipoingia na kazi yangu.

Wati zikiongezeka mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, na sikio linaona tofauti ndogo. Ili usikie kama sauti imekuwa maradufu, unahitaji wati mara kumi. Lakini madhara hayasubiri sikio lishtuke. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza afya za wafanyakazi, inashauri desibeli 85 zisizidi saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100 ni dakika 15. Hapo tunazungumzia watu wazima kazini, si mtoto wa miaka mitatu aliyefungwa mkanda mbele ya sabufa kutoka Dar hadi Morogoro. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa, havioti tena.

Kipimo cha nyumbani ni hiki: kama unalazimika kupaza sauti ili aliyekaa nyuma akusikie, muziki umezidi. Mtoto akishuka na kusema masikio yanalia, usimcheke. Mchanga ndiye wa kuangaliwa zaidi, maana hasemi.

Kaka amebaki na amplifaya yake ya wati 240, na nakiri inapiga vizuri. Fundi alipofika kuifunga, wifi alisimama pale pale hadi mwisho. Sasa sheria ni yake: watoto wakiwemo, namba ya sauti kwenye redio haipiti 15.