Mcheza pool anayeficha makali asiniletee barua ya udhamini

Barua ya kwanza ililetwa dukani kwangu mwaka juzi, imechapwa vizuri stationery: "YAH: OMBI LA UDHAMINI". Mwombaji alikuwa mcheza pool wa hapa Kagondo, hii yetu ya Muleba, siyo ile ya Bukoba mjini. Alitaka laki tano za fimbo, viatu na jezi. Mimi nauza saruji, mabati na misumari. Sikuwa nimewahi kudhamini kitu zaidi ya kuchangia mbuzi wa mshindi kwenye mpira wa vijana. Nikampa laki moja na fulana tatu zenye jina la duka.

Hazikupita wiki mbili, picha yake ikazunguka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kavaa fulana yangu, chupa mkononi, anaamuliwa ugomvi wa dau, na jua la saa nne asubuhi linawaka nyuma yake. Mteja wangu mmoja, mzee wa kanisa, akaniuliza kwa upole kama siku hizi nimefungua na baa.

Vijana wetu wanadhani sisi wenye maduka ni wachoyo. Wengine kweli ni wachoyo. Lakini anayeingia kudhamini pool anaingia na hofu ambayo wa mpira wa miguu haijui. Kagera Sugar wakicheza uwanja wa Kaitaba, jina la kiwanda linaimbwa mchana kweupe na watoto wapo. Meza ya pool iko barazani kwa baa. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliwakemea hadharani vijana wanaocheza pool asubuhi badala ya kufanya kazi, na mpaka leo mzazi wa hapa akisikia mlio wa mipira saa tatu asubuhi anatikisa kichwa. Hilo doa hujalipaka wewe, lakini ukija kuniomba fedha unakuja nalo.

Bia iliwahi kuubeba mchezo huu. Safari Lager ilidhamini mashindano ya taifa, yakianzia mikoani, na hata ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Siibezi kazi hiyo. Iliwapa vijana jezi na safari za kwenda kushindana mikoa mingine. Ila iliwazoesha wachezaji kumngoja mdhamini mmoja mkubwa, ambaye meza iko kwenye baa zinazouza bia yake na kwa hiyo hana sababu ya kuuliza nani anacheza saa ngapi. Mimi nauliza.

Na swali langu kubwa silo la mavazi. Namwangalia kijana anavyocheza. Mcheza dau anakosa makusudi mipira miwili mitatu ya mwanzo, anajikuna kichwa, anacheka kama mgeni wa meza. Dau likipanda, anaamka na kusafisha meza. Kwake jina kubwa ni hasara, kwa sababu nani ataweka elfu kumi mbele ya mtu anayejulikana? Sasa huyohuyo Jumatatu ananiletea barua akitaka nilisambaze jina lake pamoja na langu. Atachagua moja.

Hata wakubwa wamepitia hapo. Efren Reyes wa Ufilipino alikulia kwenye ukumbi wa pool wa ndugu yake jijini Manila, mdogo kiasi cha kupanda juu ya kreti za Coca-Cola ili aifikie meza. Kreti hizo tunazo hapa, na watoto wanaozipanda tunao. Mwaka 1985 alikwenda Marekani kutafuta pesa za dau akijiita Cesar Morales, maana jina lake lilikuwa limeshafika kabla yake. Mwaka 1999, huko Cardiff, alitwaa ubingwa wa dunia wa mipira tisa akiwa Efren Reyes. Mdhamini angemfanyia nini Cesar Morales?

Februari hii alikuja kijana mwingine. Shikamoo mama, marahaba, akakaa kwenye gunia. Hakuwa na barua. Alikuwa na daftari la shule lenye kurasa mia, na fimbo kwenye mfuko ulioshonwa kwa pazia kuukuu. Akaniomba nije Jumapili saa tisa alasiri niangalie tu. Alikuwa amekubaliana na mwenye baa kwamba kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili meza ni ya mashindano: hakuna dau, kiingilio cha mchezaji ni elfu mbili, watazamaji wanakunywa soda.

Nilikwenda. Kabla ya kila pigo alipaka chaki taratibu, akafuta kiganja kwa leso, akazunguka meza mara moja. Mpira mweusi ulipombakia kwenye kona mbaya hakutukana, alipuliza tu hewa mdomoni. Alipokosa, alikosa kweli. Aliposhinda alimpa mkono mwenzake kabla ya kutuangalia sisi. Hesabu yangu ilikuwa watu thelathini na wanane, kumi na mmoja wakiwa wateja wangu.

Tuliandikiana karatasi moja mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Nauli ya kwenda Bukoba mara moja kwa mwezi na kurudi, ncha ya fimbo ikichakaa naibadilisha, fulana ni mbili na hazivaliwi baada ya saa moja usiku. Yeye ananiletea daftari kila mwisho wa mwezi: tarehe, mahali, aliyecheza naye, matokeo, na idadi ya waliotazama. Fedha taslimu simpi. Wapo walioniambia nimembana mno. Labda. Lakini mwenye duka la mbegu hapa jirani amesikia habari ya daftari, na naye ameanza kuuliza bei ya fulana.

Mwezi wa Aprili kurasa zilikuja safi, ushindi juu ya ushindi. Nikahesabu tiketi za basi. Zilikuwa mbili, lakini kwenye daftari hakukuwa na mechi ya Bukoba hata moja. Nikamuuliza. Akaangalia rafu ya misumari kwa muda. Kisha akaazima kalamu yangu ya risiti na kuandika palepale kaunta: Bukoba mjini, Jumamosi, nimefungwa tano kwa moja, watazamaji sitini hivi.